Moksa na joto la Kichina kwa mgonjwa wa Parkinson: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wale wanaomuuguza mtu mwenye ugonjwa wa Parkinson hapa Uganda na wamesikia kwamba moksa, tiba ya joto ya Kichina, inatuliza kutetemeka na kulegeza mwili. Msimamo wetu tuuweke wazi mapema: joto ni la kumpunguzia mgonjwa karaha, halitibu ugonjwa wenyewe, na linapangwa kufuata saa za levodopa, dawa kuu ya Parkinson. Majibu marefu zaidi humu yanahusu kuungua, kwa sababu hapo ndipo mambo huharibika.

Moksa ni nini hasa?

Ni majani makavu ya pakanga ya Kichina, Artemisia argyi, yanayotwangwa na kuchekechwa mpaka vumbi litoke na zibaki nyuzi laini za manjano. Nyuzi hizo husokotwa ndani ya karatasi kuwa kijiti chenye urefu wa sentimita 20 hivi na unene usiofika sentimita 2. Kikiwashwa hakitoi ulimi wa moto. Kinafuka polepole kama udi, na ncha yake nyekundu ndiyo inayosogezwa karibu na ngozi. Katika tiba ya Kichina moksa na sindano, zile nyembamba zisizo na dawa, huenda pamoja, na mwaka 2010 UNESCO iliziandikisha zote mbili kwa mpigo katika orodha yake ya urithi wa utamaduni.

Kuna namna nyingi za kuitumia. Wengine hushika kijiti kwa mkono, wengine huweka kipande cha tangawizi juu ya ngozi na kuchoma kidonge cha moksa juu yake, wengine hujaza chumvi kitovuni, wengine hutumia kisanduku chenye wavu. Ipo pia ile ya zamani ya kuchoma moja kwa moja juu ya ngozi mpaka litoke kovu. Kwa mgonjwa wa Parkinson tunakubali kijiti tu, kikishikwa na mtu mwingine. Ya tangawizi na kisanduku ni ya mtaalamu, kwa sababu moto ukishawekwa juu ya mwili huwezi kuuondoa haraka. Ya kovu ikataeni kabisa.

Je, pakanga tunayopanda kwa ajili ya malaria ni ileile?

Hapana. Ile inayolimwa hapa na kuuzwa kama majani ya chai ni Artemisia annua, ndugu wa mbali. Majani yake hayatoi nyuzi za kushikamana. Ukiyasokota kwenye karatasi yanawaka kwa cheche na majivu yake yanadondoka ovyo, na cheche ndicho kitu usichokitaka juu ya paja la mzee. Joto la kijiti kibovu pia hupanda na kushuka.

Kijiti kizuri unakijua kwa majivu: yanabaki yameshikana, ya kijivu kinachokaribia weupe. Wachina hupendelea moksa iliyokaa miaka 3 kabla ya kusokotwa kwa sababu joto lake ni la upole. Msimu wa mvua vihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko. Kilichonyonya unyevu kinazimika kila mara, mtu anashawishika kukipuliza kwa nguvu, na cheche zinaruka.

Inaponya Parkinson?

Haiponyi. Katika Parkinson, chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini zinakufa kidogokidogo, na bila dopamini ya kutosha mwili unakuwa mzito, unakakamaa, unatetemeka ukiwa umetulia. James Parkinson aliuelezea ugonjwa huu mwaka 1817, na hadi leo hakuna dawa inayorudisha chembe zile, iwe ya hospitali, ya miti shamba au ya moto. Levodopa nayo haiponyi, ila inampa ubongo malighafi ya kutengenezea dopamini, ndiyo maana mtu aliyekuwa hawezi kufunga vifungo vya shati anaweza tena. Joto la kijiti haliifanyi kazi hiyo.

Kabla ya yote, hakikisheni ni Parkinson kweli. Haloperidoli na klopromazini, ambazo hutolewa kwa magonjwa ya akili, na metoklopramidi, maarufu kama Plasil, inayotolewa kwa kutapika, zinaweza kumfanya mtu atetemeke na kukakamaa vilevile. Mtu wa namna hiyo anahitaji daktari aangalie upya dawa zake. Moksa haitamfaa.

Utafiti unasema nini?

Majaribio mengi ya moksa kwa Parkinson yamefanyika China, kwa vikundi vidogo, mara nyingi ikichanganywa na sindano huku wagonjwa wakiendelea na dawa zao. Hapo huwezi kujua lipi ni la joto na lipi ni la sindano. Tena mgonjwa anajua kama amefanyiwa au la, maana moshi na joto havifichiki. Hakuna ushahidi wa kutosha wa kusema moksa inapunguza mwendo wa ugonjwa.

Jambo moja linafaa kueleweka. Mwaka 2001 watafiti wa Vancouver, Canada, waliwapima wagonjwa wa Parkinson kwa picha za ubongo na kuonyesha kwamba mtu akitarajia amepewa dawa, hata kama hakupewa, ubongo wake hutoa dopamini. Kwa hiyo mzee akisema siku ya kwanza ya moksa amejisikia mwepesi, hasemi uongo. Lakini wepesi wa siku moja hautoshi kuwa sababu ya kupunguza vidonge.

Kama familia inataka kitu cha Kichina chenye ushahidi mzuri zaidi, kipo: tai chi, mazoezi ya mwendo wa polepole. Jaribio la Oregon, Marekani, lililochapishwa 2012, lilikuwa na wagonjwa 195. Waliofanya tai chi mara 2 kwa wiki kwa wiki 24 walisimama imara kuliko waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo au ya kutumia uzito, na walianguka mara chache kuliko wale wa kunyoosha. Haina moshi wala haichomi mtu, na inafanyika uani.

Sasa joto litamsaidia nini?

Bega linalouma, kwanza. Wagonjwa wengi wa Parkinson hupata bega gumu upande ulioanza kuugua, na huko joto linafanya kazi inayojulikana: damu inaongezeka, msuli unalegea, maumivu yanapungua. Ukakamavu wenyewe unatoka ubongoni, hivyo utarudi. Ila dakika zile za ulaini ndizo za kuunyoosha mkono. Anayepata joto kisha akaketi tu amepoteza nusu ya faida.

Pia mgongo na kiuno, miguu inayolalamikiwa kuwa baridi usiku, na usingizi, hasa kwa sababu ni nusu saa ya kutulia na kuguswa na mtu. Choo kigumu ni tatizo kubwa la Parkinson, na waganga wa Kichina hutumia moksa chini ya goti na chini ya kitovu kwa ajili yake. Jaribuni, lakini maji ya kunywa, papai, mboga na kutembea ndivyo vya kutegemea.

Usitegemee kutetemeka kuisha. Katika tiba ya Kichina yenyewe si kila anayetetemeka hupewa moksa. Mwenye dalili wanazoziita za joto, kama jasho la usiku, kinywa kikavu na uso mwekundu, huambiwa asiikaribie. Mtaalamu anayempa kila mtu moksa ileile bila kuuliza hajui kazi yake hata kwa mizani ya Kichina.

Kwa nini mgonjwa wa Parkinson aungue kirahisi kuliko wengine?

Swali hili ni muhimu kuliko yote, na wauza moksa wengi hawaligusi.

Pua. Wagonjwa wengi hupoteza uwezo wa kunusa, mara nyingi miaka kabla ya kutetemeka kuanza. Shati likianza kuungua mwenyewe hasikii harufu.

Uso. Parkinson huufanya uso kuwa mkavu, usioonyesha hisia. Mshika kijiti aliyezoea kuangalia mtu akikunja uso atangoja ishara ambayo haiji, na mgonjwa anaungua akiwa na uso uleule wa kawaida.

Sauti. Inakuwa ndogo, ya chini. Redio ikiwa wazi au watoto wakicheza nje, neno "inachoma" halisikiki.

Mwendo. Mtu asiyeumwa akichomwa huvuta mguu papo hapo. Huyu anaweza kuchelewa sekunde kadhaa, na dawa ikiwa imeisha nguvu huenda asiweze kabisa. Ikiwa ana mitetemo, au ile mizunguko ya mwili inayoletwa na levodopa, ngozi inaweza kuifuata ncha ya moto yenyewe.

Jasho na shinikizo la damu. Mishipa ya fahamu inayosimamia hayo nayo inaugua. Joto hutanua mishipa ya damu, levodopa nayo hushusha shinikizo, na mtu akiinuka ghafla anaanguka. Anayetumia Artane, dawa ya kupunguza mtetemo, huwa hatoi jasho vizuri, hivyo joto linabaki mwilini. Chumba chenye bati lisilo na dari, saa nane mchana, si mahali pa kumfanyia.

Ganzi. Wazee wengi wana kisukari pia, na nyayo za mwenye kisukari zinaweza kuwa hazisikii moto kabisa.

Nani asifanyiwe kabisa?

Mwenye ganzi mahali panapotakiwa joto, mwenye kidonda au ukurutu hapo, mwenye homa, mwenye pumu au ugonjwa wa mapafu unaochochewa na moshi, na mgonjwa aliyechanganyikiwa kiasi cha kushindwa kusema panapouma. Anayewekewa hewa ya oksijeni asikaribiwe na moto wa aina yoyote. Mama mjamzito asikae chumbani humo. Aliye na kifaa cha umeme kilichopandikizwa ubongoni, wapo wachache waliofanyiwa nje ya nchi, asichomewe karibu na kifaa wala nyaya zake kifuani na shingoni, na asikubali kamwe mashine za fiziotherapia zinazopasha mwili kwa mawimbi ya umeme. Hizo zinaweza kuupasha waya hadi kwenye ubongo. Anayetumia dawa ya kubandika ya rotigotini asipashwe joto juu ya kibandiko, kwa sababu dawa itaingia mwilini kwa kasi kupita kiasi.

Afanyiwe saa ngapi?

Dawa ikiwa kazini, mgonjwa akiweza kusogea na kuongea. Ratiba inayofaa nyumbani ni hii: kidonge saa moja kamili asubuhi kwa maji, tumbo likiwa tupu, chai na katogo saa moja na nusu, moksa saa mbili na nusu. Ile nusu saa kabla ya kula isipuuzwe, kwa kuwa nyama, maharage, maziwa na mchuzi wa karanga vinagombania njia moja na levodopa ya kuingia mwilini. Vidonge vya madini ya chuma viachane nayo kwa saa 2.

Asubuhi pia kuna baridi kidogo, na mchana mzima unabaki wa kumwangalia. Usiku tunaukataa. Mshikaji amechoka, umeme unaweza kukatika katikati, na neti ya mbu inaning'inia juu ya kitanda ikingoja cheche moja.

Tuandae nini?

Kijiti cha moksa, mshumaa au kiberiti, kopo la bati lenye mchanga mkavu nusu, kisahani cha majivu, kitambaa kilicholowa, saa, ndoo ya maji na kikombe, na kipimo cha shinikizo la damu kama mnacho. Kiti cha mbao chenye mikono ni bora kuliko godoro la sponji. Nguo ziwe za pamba, si nailoni. Neti ikunjwe na kufungwa juu. Nyumba ya nyasi haifai. Tokeni nje, mkae chini ya mti pasipo upepo.

Hatua zenyewe ni zipi?

1. Mpime shinikizo akiwa ameketi, kisha dakika 1 na dakika 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, leo hakuna moksa. Mwambie daktari.

2. Anywe glasi ya maji na aende haja ndogo. Kumkatiza katikati ili akimbilie choo ndiko kunakomwangusha.

3. Kubalianeni ishara isiyo ya uso wala ya sauti. Mpe kijiko agonge kiti, au akubane mkono.

4. Washa kijiti mpaka ncha yote iwe nyekundu. Jipime wewe kwanza, upande wa ndani wa mkono wako, kwa umbali wa sentimita 5, ukisogeza hadi 3. Panapokuwa pa kupendeza kwako, kwake ongeza sentimita 1.

5. Weka kidole cha shahada na cha kati cha mkono wako wa pili kwenye ngozi yake, kimoja kila upande wa mahali penyewe. Vidole vyako ndivyo kipimajoto. Vikikuchoma wewe, yeye amekwisha kuungua. Mbinu hii hutumiwa kwa watoto, na kwa Parkinson ni ya lazima.

6. Kizungushe polepole kama unachora shilingi, au kipandishe na kukishusha. Usikiache kimesimama mahali pamoja. Kila dakika 2 kung'uta majivu kwenye kisahani, mbali na mwili. Majivu marefu yakianguka juu ya ngozi ndiyo ajali ya kawaida kuliko zote.

7. Uliza kila dakika: "Mzee, joto ni zuri au linauma?" Usitosheke na kutikisa kichwa, maana kichwa chake kinaweza kutikisika chenyewe.

8. Dakika 10 kila mahali zinatosha kwa mzee, na mahali pasizidi 3 kwa siku. Ngozi iwe na wekundu wa upole unaopotea baadaye. Wekundu mkali wenye mpaka, au mng'ao, ni mwanzo wa lengelenge.

9. Zima kwa kuchomeka ncha ndani ya mchanga. Maji yanaharibu kijiti, na ukikiweka pembeni ukidhani kimezimika kinaendelea kufuka ndani. Kiache mchangani mpaka kiwe baridi, tena mbali na watoto.

10. Abaki ameketi dakika 10. Nyoosha bega au mguu uliopashwa joto. Asimame ukiwa umemshika.

Mara 2 au 3 kwa wiki inatosha. Kila siku hakuongezi kitu ila uchovu wa mshikaji.

Tupashe joto sehemu zipi?

Vipimo vya Kichina hutumia vidole vya mgonjwa mwenyewe, si vyako. Mkono mkubwa wa mjukuu kwenye mguu mwembamba wa jajja unakosea mahali.

Ya kwanza ni Zusanli. Mgonjwa akiwa ameketi, pima vidole vyake vinne vilivyobanana kuanzia kishimo cha nje chini ya kifuniko cha goti kwenda chini, kisha toka upande wa nje wa mfupa wa muundi kwa upana wa kidole kimoja. Ukibonyeza utaona msuli, wala si mfupa. Hii ndiyo inayotumiwa kwa tumbo na uchovu, na ni salama kuifikia bila kuvua nguo nyingi.

Ya pili ni Guanyuan, vidole vinne chini ya kitovu, kwenye mstari wa katikati. Mgonjwa lazima alale kidogo, hivyo wengi wanashindwa. Msilazimishe.

Ya tatu ni Sanyinjiao, vidole vinne juu ya kifundo cha ndani cha mguu, nyuma ya mfupa. Kama kuna ganzi ya kisukari, iruke.

Bega linaloumwa halihitaji jina la Kichina: pasha pale panapouma, mbele na nyuma ya kiungo. Mahali pa utosini, Baihui, panatajwa sana kwa Parkinson, lakini nyumbani tunapakataza. Nywele zinashika moto na mgonjwa hanusi.

Moshi una madhara?

Una. Ni moshi kama mwingine, una chembechembe zinazoingia mapafuni na gesi ya kaboni monoksidi. Madirisha mawili yanayotazamana yawe wazi, na sigiri isiwe inawaka chumba hichohicho. Vipo vijiti visivyo na moshi, vilivyotengenezwa kwa mkaa wa moksa. Havina harufu, lakini vina joto kali zaidi na ile gesi bado ipo, tena sasa bila moshi wa kukuonya. Dirisha liwe wazi vilevile, na anza na umbali wa sentimita 6.

Ameungua. Tufanye nini?

Maji ya baridi ya kawaida, yanayotiririka, dakika 20 kamili. Bomba likiwa kavu, mimina kwa kikombe kutoka jerikeni polepole. Si barafu, si dawa ya meno, si samli, si yai, si majivu. Vua pete au nguo inayobana. Lengelenge lisitumbuliwe, lifunikwe kwa shashi safi bila kubana. Nendeni kituo cha afya siku hiyohiyo kama mgonjwa ana kisukari, kama ni kwenye nyayo au kiungo, kama ngozi imekuwa nyeupe au haina hisia, au kama lengelenge ni kubwa kuliko sarafu. Ulizeni pia kuhusu chanjo ya pepopunda. Mahali hapo pasipashwe tena mpaka ngozi ipone kabisa.

Moksa ni shida kuipata. Kuna joto jingine?

Kukanda kwa maji moto, kama mama aliyejifungua anavyokandwa, kunatosha kwa bega na kiuno. Taulo likamuliwe vizuri, lijaribiwe kwenye mkono wako wa ndani, likae dakika 15. Tuseme kweli: kwa familia nyingi hili ni chaguo bora kuliko moksa, maana taulo linapoa lenyewe na kijiti hakipoi. Chupa ya maji ya moto ifungwe kwenye leso na isilaliwe usiku kucha. Taa ya joto ya Kichina, ile yenye sahani ya madini kwenye mkono mrefu, iwekwe umbali usiopungua sentimita 30 na isiachwe bila mtu. Ikimwangukia hawezi kuisukuma.

Kuumika kwa vikombe vya moto ni tiba nyingine kabisa, na kwa mzee mwenye ngozi nyembamba au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda tunaishauri isifanyike.

Mtaalamu tutampata wapi Uganda?

China imekuwa ikituma timu za madaktari hapa tangu 1983, na Hospitali ya Urafiki ya China na Uganda iko Naguru, Kampala. Madaktari hao hubadilishana, kwa hiyo ulizeni kwanza kama wakati huo yupo wa sindano na moksa, msije mkatoka Arua bure. Kwa kliniki binafsi, kumbukeni kuna sheria ya mwaka 2019 ya tiba za asili na tiba mbadala inayohusu usajili wa watoa tiba. Omba kuona cheti, bila aibu.

Muulize maswali matatu: utamshikia kijiti mwenyewe au utamwacha na kisanduku? Akiungua mna nini hapa? Dawa zake za hospitali aendelee nazo? Jibu la tatu likiwa "aache", chukueni mgonjwa wenu mwende nyumbani. Na akiwauzia vidonge visivyo na jina wala namba ya usajili wa NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda, msinunue, hata kama maandishi ya Kichina kwenye chupa ni mazuri.

Daktari wa mishipa ya fahamu anabaki ndiye msimamizi. Hospitali za rufaa za Mulago na Mbarara ndizo za kuanzia.

Ndugu wanasema ni buko, twende kwa mganga kwanza. Tuwajibuje?

Buganda wapo wanaoamini kutetemeka huku ni buko, yaani kunatokana na kuvunja mwiko wa mtu na mkwe wake. Msigombane nao mbele ya mgonjwa, aibu inamuumiza kuliko mtetemo. Wapelekeni siku ya kliniki wamwone kabla na baada ya levodopa. Mtu akiinuka na kutembea saa moja baada ya kidonge, maneno yanapungua. Kuna chama cha wagonjwa na jamaa zao kinachoitwa Parkinson's Si Buko, kilichoanzishwa hapahapa kwa ajili ya hoja hii.

Tutajuaje kama moksa inasaidia?

Andikeni. Wiki 2 kabla ya kuanza na wiki 6 baada yake, kwenye daftari la shule: maumivu ya bega kutoka 0 hadi 10, siku alizopata choo, saa alizolala, mara alizoanguka. Mara moja kwa wiki, saa ileile baada ya kidonge, mpime: ainuke kwenye kiti, atembee mita 3, ageuke, arudi, aketi, hesabu sekunde. Dawa isibadilishwe katika wiki hizo, la sivyo hamtajua kipi kimefanya nini. Baada ya wiki 6 namba zikiwa palepale, acheni, pesa hiyo iende kwenye fiziotherapia.

Levodopa imeisha duka la dawa. Tuongeze moksa mpaka ipatikane?

Hapana, na hili ni la haraka. Kuikata levodopa ghafla kunaweza kuleta homa kali, mwili kukauka kama mti na kuchanganyikiwa, hali inayoua. Anza kutafuta vidonge vikibaki vya siku 10, si 2. Vikipungua, piga simu kliniki wakuambie namna ya kugawanya dozi. Dalili hizo zikitokea, ni hospitali usiku huohuo.

Wengine wameanza kusaga mbegu za upupu kwa sababu wamesikia zina levodopa. Ni kweli zinayo, na hapo ndipo hatari ilipo: kiasi hutofautiana mbegu kwa mbegu, na haina kabidopa, dawa inayochanganywa na levodopa kwenye vidonge, ya kuilinda, hivyo kichefuchefu na kushuka kwa shinikizo la damu huja kwa nguvu. Usizitumie bila daktari kujua, wala usizichanganye na vidonge. Akitapika kwa sababu yoyote ile, mkumbushe muuguzi kwamba ana Parkinson kabla hajachomwa Plasil.